Yowe Nililopiga Shambani kwa Ufuta

Assalaam alaykum, na wasiokuwa wa salamu hiyo, hamjambo. Wakubwa zangu, shikamooni. Sogeeni mbele kidogo jamani, msikae mbali kama mnaogopa kuambukizwa, maana sauti yangu haifiki huko nyuma. Mnaisikia ilivyo, inakwaruza kama ufagio wa chelewa. Ndiyo hiyohiyo, sina nyingine, na Mungu namshukuru kwa hii.

Naitwa Mwantumu. Natoka kitongoji kimoja huko ndani, ukishaipita Fukayosi. Hawa vijana wa maigizo wameniomba nije hapa Miono niwaeleze nilivyougua na nilivyopona. Niliwaambia mapema, na ninyi nawaambia: kuugua kwangu nakujua vizuri, ila kupona kwangu mpaka leo sikuelewi. Aliyekuja kutafuta jina la dawa akanunue, asije akanilaumu.

Zamani mimi nilikuwa na sauti, bwana! Arusi kwetu haikuanza mpaka Mwantumu afungue mdomo. Nikipiga kigelegele, watoto wadogo wanaziba masikio. Mdogo wangu Shomari, aliyenifuata ziwa, alikuwa akinitania, "Dada, wewe ungezaliwa mjini wangekuajiri mnadani." Nyumba yake na yangu zilitazamana, uwanja mmoja. Shomari aliwahi kuanguka kutoka juu ya mnazi, basi akawa anatembea mkono mmoja kiunoni, kama mwanamke anayetafuta ugomvi. Na kila chakula, upike nini, upike vipi, akionja tu tonge la kwanza anauliza kwa ukali, "Nani kaiba chumvi?" Kila siku! Mkewe alikuwa hacheki tena, ila mimi nilicheka.

Nina binti mmoja, Rehema. Na nilikuwa na rafiki, mama wa kifugaji aliyekuwa akiniletea maziwa asubuhi kwenye kidumu cha njano. Mimi nilimpa mahindi, au ufuta kidogo wa kukaanga. Sisi tulimwita Mama Maziwa. Miaka yote hiyo sikumwuliza jina lake, na hiyo ni aibu yangu, nasema mbele yenu.

Sasa siku yenyewe. Ufuta nilikuwa nimeshaukata. Nimeufunga matita, nimeyasimamisha yakauke. Mnaolima mnajua, ufuta ukifika hapo hautaki hata kukohoa karibu yake. Ng'ombe akipita akigusa tu, mbegu zote chini, na mbegu ya ufuta huiokoti. Nilikuwa nimepanda dunguni, lile dungu tunalolindia ngedere, nimejinyoosha. Mchana, jua kali. Nikasikia kengele za ng'ombe. Nikainuka. Jua lilikuwa usoni. Nikaona vumbi, nikaona pembe juu ya matita ya ufuta.

Nikapiga yowe.

Nyie mnajua yowe ni nini kwetu. Halipigwi kwa mzaha, na likipigwa hakuna anayeuliza. Mwenye panga anachukua panga, mwenye jembe anachukua jembe, mwenye mikono mitupu anakuja na mikono mitupu. Na lile langu, kwa sauti ile niliyokuwa nayo, lilifika hadi vitongoji vya jirani. Wanaume walitoka kila upande. Na wafugaji nao waliposikia wakajua ng'ombe wao wameshaingia matatani, wakaja mbio na fimbo zao.

Wa kwanza kufika alikuwa Shomari, maana alikuwa karibu. Alikuwa anakula. Alikuja na mkono una mchuzi, nauona mpaka sasa ule mkono. Akaniuliza, "Wako wapi, dada?" Nikanyoosha kidole. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, yeye aliuliza na mimi nikanyoosha kidole.

Nani alianza kumpiga nani, mimi sijui. Nilishuka dunguni, nikakuta vumbi, makelele, watu wanaangushana juu ya ufuta wangu. Kijana mmoja wa kifugaji alikatwa panga mkononi, mkono ukawa unaning'inia. Nikamtambua, ni mtoto wa Mama Maziwa. Na Shomari alikuwa amelala chali, kichwa kimepasuka hapa, juu ya sikio. Nikakifunga kwa khanga. Damu ikapita kwenye khanga ikaja kwenye mapaja yangu, ya moto. Tulimpakia kwenye gari kumpeleka Chalinze, lakini hakufika akiwa hai. Waliokamatwa walikamatwa, wa kwao na wa kwetu. Hayo ni ya serikali, mimi siyaingii.

Sasa nisikilizeni hapa. Kwetu mtu akifa, mtani wa ukoo lazima aje. Anavaa nguo ya marehemu, anatembea kama marehemu, anasema kama marehemu, anawachokoza wafiwa, analala njiani jeneza lisipite mpaka apewe jogoo wake. Watu wanalia, watu wanacheka, mambo yanakwenda. Mtani wetu ni Bi Tatu, mwanamke mfupi, mdomo mrefu, hamwogopi mtu. Siku ya mazishi ya Shomari polisi walikuwa wamesimama barabarani, watu wanaongea kwa kunong'ona. Bi Tatu akatokea. Amevaa shati la Shomari lile la mistari, kaligeuza mbele nyuma, mkono kiunoni.

Mimi nilipandwa na wazimu. Nilimshika mkono nikamvuta hadi nje ya uwanja, nikamwambia, "Toka hapa! Hiki si kifo cha mzaha!" Bi Tatu akanitazama. Hakunitukana, na yeye hutukana hata kwa salamu. Akasema, "Haya," akaondoka na shati lake mwilini. Shomari akazikwa kimya.

Kesho yake asubuhi Rehema akaniamkia, "Shikamoo mama." Nikafungua mdomo kuitikia marahaba. Hakuna kitu. Hewa tupu.

Nilidhani ni kulia sana. Nikanywa maji ya tangawizi, nikanywa asali na ndimu. Wiki ikapita. Kooni pakawa na kitu kimekaa, kama tonge la ugali mkavu, hakishuki wala hakipandi. Ugali ukawa haupiti, nikawa wa uji tu, na uji nao siku nyingine ulirudi kupitia puani. Choo nilipata mara moja kwa wiki. Hedhi ikakatika kabla ya wakati wake. Nywele zikatoka na kitana. Mate yakawa mazito na mdomo unanuka mpaka mwenyewe najisikia. Khanga niliyojifunga mara moja nikawa naizungusha mara mbili. Nikitaka kitu, napiga makofi kama naita kuku.

Na watu nao, kila mtu daktari. Mmoja akasema kansa ya koo. Mwingine akasema ni Bi Tatu, mtani akifukuzwa msibani huondoka na kitu chako. Mwingine, shetani wa dungu. Mimi nilizisikiliza zote na zote niliziamini, asubuhi hii, mchana ile. Lakini chini kabisa nilikuwa na yangu, ambayo sikumwandikia mtu hata kwenye karatasi. Nilikuwa najiuliza, wale ng'ombe walikuwa wameingia shambani, au walikuwa wanapita njiani? Njia ya mifugo inapita pembeni tu ya ufuta wangu. Kutoka juu ya dungu, jua likiwa usoni, pembe zikipita njiani unaziona vilevile juu ya matita. Nilijaribu kukumbuka. Siku nyingine naona kabisa wameingia, siku nyingine naona kabisa wako njiani. Nikikumbuka sana ndivyo ilivyozidi kuvurugika.

Rehema akanipeleka hospitali, Bagamoyo. Daktari, kijana mpole, akanipitishia mpira mwembamba puani mpaka kooni. Machozi yalinitoka, nilitapika kwenye beseni, nikamshika daktari koti. Akatazama, akatazama tena. Akasema, "Mama, koo lako ni zima. Hebu kohoa." Nikakohoa, *kho!* Akasema, "Unaona? Sauti ya kukohoa ipo. Ya kusema nayo ipo, imejifungia tu." Nilikasirika mimi! Nikajua ananiita mwongo. Rehema akamwuliza, "Sasa dawa yake nini, daktari?" Akasema, "Kuna jambo lilimpata?" Rehema akatazama chini, mimi nikatazama ukutani. Akatupeleka kwa muuguzi mmoja mama mtu mzima, akanifundisha kuvuta pumzi na kuvuma mdomo ukiwa umefungwa, *mmm*, asubuhi na jioni. Mtu mzima navuma kama nyuki! Nilifanya, lakini kwa kisirani.

Shehe wetu akaniandikia kombe, aya kwenye sahani, nikanywa ile zafarani na maji ya waridi siku saba. Usingizi ukaja kidogo. Shangazi yangu naye hakutulia, akaniita fundi wa kupunga mashetani. Nilifunikwa shuka, nikafukizwa mpaka nikazirai, na fundi akasema shetani anataka kusema ila ana haya. Hapo nilitaka kucheka, lakini cheko nalo halikuwa na sauti.

Miezi kumi ikaenda hivyo. Mama Maziwa hakuja tena. Wao walihamisha mifugo upande wa pili wa bonde, na watoto wetu walikatazwa kwenda huko, na wao wakawakataza watoto wa kwao.

Ndipo wakaja hawa vijana wa maigizo kutoka mjini Bagamoyo. Kiongozi wao, huyu Zuhura mnayemwona hapo anajificha, alipita nyumba kwa nyumba, kwetu na kwa wafugaji. Hakuuliza nani mkosaji, aliuliza tu mtu alikuwa anafanya nini siku ile kabla ya yowe. Kwangu alikaa mkekani, akanisalimu, akasubiri. Rehema akamwambia, "Mama hasemi." Zuhura akasema, "Basi nitakaa tu." Akakaa, akanisaidia kuchambua mchele, akaondoka. Nikajisemea, huyu naye kapungukiwa kazi.

Siku ya mchezo walitengeneza uwanja pale shule. Watu wa kwetu wakakaa huku, wafugaji wakakaa kule, katikati pametengwa pakubwa. Nikamwona Mama Maziwa na mwanawe. Ule mkono wa kijana ulipona, lakini vidole havifungi. Mimi nilikaa nyuma, karibu na njia ya kuondokea.

Wakaigiza. Wawili wamefunikwa shuka la kahawia, ndio ng'ombe. Watu wakacheka. Binti mmoja kapanda juu ya meza, ndilo dungu. Nikaanza kutokwa jasho. Yule binti akaweka mkono usoni kukinga jua, akatazama, akapiga yowe.

Jamani! Lilikuwa yowe la mtu wa mjini, jembamba, lakini wanaume wa kwetu wote walisimama. Wafugaji wakasimama. Mmoja mkono ulishaenda kiunoni kutafuta panga ambalo hakuja nalo. Mimi mkojo ulinitoka, nasema ukweli. Zuhura akakimbia katikati, mikono juu, "Mchezo umesimama! Ni mchezo!" Watu wakabaki wamesimama, hawajui wakae au wapigane. Kosa lao hilo, kuja kwetu na yowe la mchezo. Zuhura akasema, "Hapa mchezo wetu unamngoja mmoja wenu. Nani ataingia aubadilishe?"

Halafu akaingia mtu.

Shati la mistari, mbele nyuma. Mkono kiunoni. Anatembea vilevile, kama mwanamke anayetafuta ugomvi. Zuhura akampisha, akidhani ni mtu wa kujitolea tu. Bi Tatu akazunguka uwanja wote, akasimama mbele ya wale ng'ombe wa shuka, akachota hewa kama anachota tonge, akaonja, akakunja uso. "Nani kaiba chumvi?"

Watu wa kwetu walishika vinywa. Kisha mke wa Shomari akacheka, kicheko cha kilio, na wote wakafuata. Na mimi nikacheka. Nikasikia kitu kinalia kama mlango wa bati uliokosa mafuta, nikageuka kutazama nani huyo. Ni mimi. Rehema alinikamata bega, kucha zikaniingia.

Bi Tatu akaja mpaka nilipo. Akanipigia magoti, na yeye ni mkubwa kwangu, lakini Shomari alikuwa mdogo wangu. Akasema taratibu, bila mzaha, "Dada. Uliniita, nimekuja. Haya sema, ulikuwa unanitakia nini?"

Mimi namtazama Bi Tatu, namwona Shomari. Najua ni Bi Tatu, na namwona Shomari. Nikitazama mkono naona mchuzi. Tonge la kooni likapanda mpaka nikadhani nakufa. Nikakohoa, *kho*. Nikavuma, *mmm*, kama mjinga, mbele ya watu. Na baada ya ile *mmm* neno likatoka.

"Mdogo wangu, sijui kama waliingia." Sauti ilikuwa mbovu, inakatika. "Niliona vumbi. Niliona pembe. Sikushuka kutazama. Nilipiga yowe nikiwa nimekaa juu, sikushuka kutazama. Nisamehe Shomari. Nilikuita kwa kitu nisichokijua."

Basi. Siri yangu ya miezi kumi ikawa mali ya kijiji. Nikangoja wanipige mawe, wa kwetu au wa kwao.

Bi Tatu akanyanyuka akipangusa magoti, bado ni Shomari. "Na mimi nilikuja mbio bila kuuliza. Mmoja hatazami, mwingine haulizi, ukoo gani huu! Ugali wangu umepoa, nakwenda zangu." Akavua shati, akalikunja, akaniwekea mapajani. Hapo akarudi kuwa Bi Tatu. "Na jogoo wangu nipeni! Mmenizikia mtu bila jogoo, mna adabu ninyi?" Watu wakacheka tena huku kamasi zinawatoka, na wifi yangu, mke wa Shomari, akaenda kweli kukimbiza jogoo.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Mama Maziwa alisimama. Akavuka ile nafasi ya katikati peke yake, akasema, watu wote wanasikia, "Waliingia, mama Rehema. Ng'ombe wawili. Mimi nilikuwepo, niliwaona." Nikamtazama mwanawe. Yule kijana alikuwa anamtazama mama yake kwa mshangao, kama mtu anayesikia habari mpya. Kisha akainamisha kichwa.

Je, waliingia? Au aliona mwanamke mwenzake anazama, akanipa kitu cha kushika? Mtu ambaye mwanawe hafungi vidole kwa ajili ya yowe langu! Mpaka leo sijui. Nimemwuliza mara nyingi. Ananiambia, "Kunywa maziwa yanapoa."

Baada ya siku ile nilipata homa siku tatu. Sauti ikawa inakuja na kuondoka. Nikarudi kwa yule muuguzi, nikavuma sasa bila kisirani. Tukamsomea Shomari hitima, ubani ukafuka, na wafugaji walileta maziwa na ng'ombe mmoja wa kuchinja. Bi Tatu akasema nyama ina chumvi kidogo. Ugali ukaanza kupita kooni, kwanza vitonge vya mtoto, kisha vya mtu mzima. Hedhi haikurudi, na sikuidai.

Kwa hiyo mkiniuliza nani aliniponya, mtanionea tu. Daktari alisema sauti ipo, na kweli ilikuwepo. Muuguzi alinipa ile *mmm*. Shehe alinipa usingizi. Hawa vijana waliniletea yowe langu mbele ya macho yangu, nusura watuue. Bi Tatu alimaliza mazishi niliyoyakata katikati. Mama Maziwa alinipa kweli au uongo, sijui. Wote nawashukuru, Mungu awalipe.

Ninachoweza kuwaambia ni kidogo. Ukiugua nenda hospitali, na daktari akikuambia koo ni zima usimnunie. Mtani akija msibani, hata kifo kiwe cha namna gani, mwacheni afanye kazi yake, wala msimwone kichaa. Nanyi huku mnaogombea malisho na mashamba, nawaombeni, kabla ya kupiga yowe shuka kwanza ukatazame. Shuka. Miguu haitakuvunjika.

Kigelegele changu hakijarudi. Yowe nalo sina tena, hata nikitaka. Lakini nina lile jina nililochelewa kuliuliza. Anaitwa Naomi. Juzi asubuhi nilimwona ng'ambo ya shamba, kule kwenye njia ya mifugo, kidumu mkononi. Nikaweka mikono mdomoni, nikamwita kwa sauti hiihii mbovu, "Naomi! Naomi wee!" Akasikia. Akapita pembeni ya ufuta, polepole, akaniletea maziwa, tukakaa, tukazungumza. Kisha akarudi kwao. Nilisimama pale nikimtazama mpaka akafika, maana ni mara ya kwanza tangu siku ile naita mtu shambani, akaja, na akarudi kwao mzima.